Jina la mama si kufuli

Waswahili husema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii ilikuwapo kabla ya tarakilishi kufika pwani yetu, lakini sijaona maneno yanayoeleza vyema zaidi hatari inayowakabili walimu na wanafunzi wetu kila wanapofungua akaunti mtandaoni. Hatari ninayoizungumzia haimo katika nywila, ambayo wengi wameshafundishwa kuificha. Imo katika yale maswali madogo yanayofuata baada ya nywila, maswali ya usalama: Jina la mama yako kabla ya kuolewa ni lipi? Ulizaliwa mji gani? Mwalimu wako wa kwanza aliitwa nani? Mnyama wako wa kwanza wa kufuga aliitwa nani?

Kazi ya maswali haya ni kumfungulia mlango mtu aliyesahau nywila yake. Mfumo humwuliza, naye akijibu kama alivyojibu siku ya kujiandikisha, huruhusiwa kuweka nywila mpya na kuingia. Kwa hiyo jibu la swali la usalama ni nywila ya pili, nayo ina uwezo uleule wa ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba ya kwanza tunaonywa tusimwonyeshe mtu yeyote, ilhali kwa ya pili tunaulizwa jambo ambalo majirani, jamaa na wanafunzi wenzetu wamelijua tangu zamani. Ni sawa na mtu kutia kufuli kubwa mlango wa mbele, kisha ule wa nyuma akauegesha kwa ukuti wa mnazi.

Mimi ni mwalimu na mkazi wa Rabai, na hoja yangu naijenga juu ya maisha ya hapa. Huku kwetu nani asiyejua mama wa nani ametoka kwa nani? Mtoto mara nyingi hupewa jina la babu au nyanya yake, kwa hiyo anayelijua jina la mjukuu ameshakaribia kulijua la babu. Majina mengine hutangaza hadharani hali ya kuzaliwa: Charo huashiria safari, Nyamvula huashiria mvua. Shule za msingi zilizo karibu na nyumbani ni chache, na mwalimu aliyemfundisha mtoto wa kwanza wa boma moja ndiye aliyewafundisha pia watoto wa maboma ya jirani. Ukiuliza mji wa kuzaliwa, majibu hayatavuka sana Rabai, Mazeras, Kaloleni, Mariakani na Mombasa. Ukiuliza jina la mbwa, anza na Simba. Ukiuliza chakula kipendwacho, jaribu wali wa nazi. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji ujuzi wowote wa tarakilishi hapo. Anahitaji tu kuwa amehudhuria matanga na harusi zetu.

Hata swali lenyewe la jina la mama kabla ya kuolewa halikutungwa kwa kuangalia desturi zetu. Mchukue Mekatilili wa Menza, shujaa aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza katika miaka ya 1913 na 1914. Jina Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, na jina alilozaliwa nalo ni Mnyazi. Huyu Katilili, lau angeulizwa leo na benki yake jina la asili la mama yake, angetoa jibu ambalo kila mwanafunzi wa historia nchini analifahamu. Katika jamii inayomwita mama kwa jina la mwanawe, kulijua jina la kuzaliwa la mama si ushahidi wa kuwa wewe ndiwe mwana. Ni ushahidi tu kwamba unaijua familia hiyo.

Tena Rabai inatukumbusha kuwa wapo watu ambao swali hilo haliwajui kabisa. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni hapa mwaka 1846, na katika miongo iliyofuata mahali hapa pakawa kimbilio la watu waliotoroka utumwa na wengine waliokombolewa baharini. Baadhi yao walikuwa wamelelewa Nasik nchini India kabla ya kurejeshwa Afrika. Miongoni mwao alikuwa William Jones, kiongozi wa kanisa la Rabai aliyefuatana na Askofu James Hannington katika safari ya mwaka 1885. Mtoto aliyenyakuliwa angali mdogo, akauzwa, kisha akapewa jina jipya kwa ubatizo, angejibu nini kuhusu ukoo wa mama yake? Leo pia tunao darasani wanafunzi waliolelewa na nyanya zao, ambao habari za mama ni donda lisilotaka kuguswa. Mfumo unamlazimisha mtoto huyo kujaza nafasi hiyo. Hivyo swali lilelile kwa mmoja ni wazi mno, na kwa mwingine ni dhuluma.

Liko jambo jingine ambalo wanaoishi miji mikubwa huenda wasilione. Wanafunzi wetu wengi hawajiandikishi mtandaoni kwa tarakilishi zao wenyewe. Huenda saiba. Huko mhudumu ndiye anayeandika, na foleni ikiwa ndefu huuliza kwa sauti, "Mamako anaitwa nani? Ulisoma shule gani?" Mwanafunzi hujibu, na waliosimama nyuma yake wote husikia. Sisemi kwamba wahudumu wa saiba ni wezi. Wengi wao wamewasaidia watoto wa maskini kuvuka mito ambayo peke yao wasingeivuka. Lakini siri iliyotamkwa mbele ya watu kumi haiwezi tena kuitwa siri, hata kama wote kumi ni waaminifu.

Msomaji anaweza kuuliza: mwanafunzi wa Rabai ana nini cha kuibiwa? Anacho kingi. Siku hizi maombi ya nafasi za vyuo vikuu hupitia tovuti ya KUCCPS, bodi iliyoundwa chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012. Mikopo ya masomo huombwa kwa HELB mtandaoni. Mwalimu naye huisoma hati yake ya mshahara mtandaoni. Akaunti kama hizi mara nyingi huegemea anwani moja ya barua pepe, ambako ujumbe wa kubadilisha nywila hutumwa. Anayeifungua barua pepe yako ameshika funguo za nyumba nzima. Kozi aliyoichagua mtoto kwa miaka minne ya jasho inaweza kubadilishwa usiku mmoja, na kabla hajagundua, tarehe ya mwisho imeshapita.

Mambo haya si ndoto. Mwaka 2008, wakati wa kampeni za urais Marekani, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliingia katika barua pepe ya Sarah Palin, gavana wa Alaska aliyekuwa mgombea wa wadhifa wa makamu wa rais. Hakuvunja mtambo wowote. Aliulizwa tarehe ya kuzaliwa ya gavana, nambari ya posta ya mji wake na mahali alipokutana na mumewe, na majibu yote akayapata katika habari zilizokwisha kutangazwa. Gavana huyo alikuwa mtu maarufu na habari zake zilikuwa magazetini. Sisi habari zetu ziko kibarazani, na siku hizi tumeziweka Facebook kwa mikono yetu wenyewe.

Mwaka 2015 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi uliotokana na mamia ya mamilioni ya maswali ya aina hii pamoja na majibu yake. Waligundua kwamba kwa watumiaji wa Kiingereza, mtu anayekisia mara moja tu ana nafasi ya asilimia 19.7 ya kukipata chakula wanachokipenda. Kwa watumiaji wa Kiarabu, mtu akipewa nafasi kumi za kukisia jina la mwalimu wa kwanza hufaulu kwa asilimia 24. Wenzangu walimu, hebu tulitafakari jambo hilo: jina lako limegeuzwa kuwa ufunguo wa mali ya watu uliowafundisha kusoma, na ni ufunguo mbovu.

Kuna pia balaa ya majibu kuibwa kwa jumla. Kampuni ya Yahoo ilidukuliwa mwaka 2013, na baadaye ikakiri kwamba akaunti zote bilioni 3 ziliguswa. Miongoni mwa vilivyochukuliwa yalikuwamo maswali ya usalama na majibu yake. Nywila ikiibwa hubadilishwa siku hiyohiyo. Jina la mama likiibwa utalibadilishaje? Na ikiwa ulilitumia jibu lilelile katika tovuti saba, aliyelipata kwa moja ameyapata ya zote. Ndiyo maana mwaka 2017 taasisi ya Marekani inayoweka viwango, NIST, iliagiza kwamba mifumo isiwatake watumiaji kuchagua siri zinazotokana na maswali kama ya jina la mnyama wa kwanza. Hata hivyo, mifumo mingi bado huyauliza, na mwananchi hawezi kusubiri hadi wote wajirekebishe.

Basi tufanye nini? Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kudanganya: ukiulizwa mama, andika jina la shangazi. Uchunguzi huohuo wa Google ulionyesha kwamba asilimia 37 ya waliohojiwa hujibu uongo kwa makusudi, wakidhani wanajilinda. Lakini binadamu ni dhaifu katika kutunga uongo. Wengi huangukia majibu yaleyale, na hivyo huwarahisishia kazi wanaokisia. Kisha huja usahaulifu. Asilimia 40 ya Wamarekani watumiao Kiingereza walishindwa kuyakumbuka majibu yao wenyewe walipoyahitaji, mbali na uongo walioutunga miaka mitano iliyopita wakiwa na haraka.

Dawa ni kulifanya jibu liwe la kubahatisha kabisa, tofauti kwa kila tovuti, na kisha kulitunza mahali ambapo kumbukumbu yako haihitajiki. Mahali hapo ni programu ya kutunza nywila. Hii ni programu inayowekwa katika simu au tarakilishi na kufanya kazi kama sanduku la chuma. Ndani yake huwekwa nywila zote, na programu huyageuza maandishi hayo kuwa msimbo usiosomeka hadi mwenyewe atakapoingiza nywila kuu, moja tu, anayoijua kichwani. Zipo za bure: KeePass imekuwapo tangu mwaka 2003, nayo hukaa katika kifaa chako bila kuhitaji intaneti, Bitwarden ilianza mwaka 2016 na huweza kutumika katika simu na tarakilishi kwa pamoja. Simu nyingi za kisasa pia huja na hifadhi yake ya nywila.

Utaratibu wake si mgumu. Unapofungua akaunti mpya, iache programu ikutungie nywila. Unapofikia maswali ya usalama, nakili swali lenyewe neno kwa neno katika sehemu ya maelezo ya akaunti hiyo, kisha chini yake andika jibu la kubuni ambalo halihusiani na maisha yako. Kwa mfano, mji wa kuzaliwa ukawa "sahani mvuke jembe twiga". Mfano huu usiutumie kwa kuwa umeshachapishwa gazetini. Yatunze maneno hayo jinsi yalivyo, pamoja na nafasi na herufi kubwa, maana mifumo mingine hukataa jibu kwa kosa la nukta moja. Nashauri maneno ya kawaida badala ya mchanganyiko wa herufi na tarakimu, kwa sababu mhudumu wa benki anaweza siku moja kukuuliza jibu hilo kwa simu nawe ukahitaji kulitamka. Hapo jihadhari: jibu litolewe tu pale wewe ndiwe uliyepiga simu kwa nambari unayoijua, si unapopigiwa na mgeni anayedai kutoka kampuni fulani.

Walimu wa hisabati wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo zuri. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alibuni njia ya kuchagua maneno kwa kurusha dadu. Dadu ikirushwa mara tano hutoa mojawapo ya namna 7,776, na kila namna hupewa neno lake katika orodha. Maneno manne yaliyochaguliwa hivyo hutoa uwezekano zaidi ya trilioni 3,600. Linganisha na ile miji mitano niliyoitaja mwanzoni! Mwanafunzi akiifanya hesabu hiyo kwa mkono wake hatahitaji mahubiri. Njia hiyohiyo inafaa pia kwa kutunga nywila kuu, ila hapo maneno yawe sita.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kama kujibu hivyo si uongo, na kama mwalimu anaruhusiwa kuufundisha. Swali hilo ni la heshima nami nalijibu kwa heshima. Uongo ni kumpotosha mtu mwenye haki ya kujua ukweli. Hati ya kodi, fomu ya kitambulisho na kiapo cha mahakama vinauliza ukweli, na huko ukweli ni wajibu. Kusema vinginevyo ni hatia. Swali la usalama halitaki kujua habari za mama yako. Linataka neno ambalo wewe peke yako utaweza kulirudia kesho. Kufuli haliulizi ufunguo kama ni wa chuma au wa shaba, bali huuliza tu kama unaingia. Na yule mtoto asiyemjua mama yake anapata nafuu hapa: hahitaji tena kuliangalia donda lake ili afungue barua pepe.

Wengine watanipinga kwa kusema kwamba kuweka siri zote katika sanduku moja ni hatari. Pingamizi hilo lina uzito. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za masanduku ya wateja wa kampuni ya LastPass. Yaliyokuwa ndani yalibaki katika msimbo, isipokuwa baadhi ya mambo kama anwani za tovuti, lakini waliokuwa na nywila kuu dhaifu waliachwa hatarini. Funzo lake ni kwamba nywila kuu iwe ndefu na isitumike mahali pengine popote. Tena sanduku lako usilifungue katika tarakilishi ya saiba, ambayo hujui imewekwa nini ndani yake. Lifungue katika simu yako, uandike jibu, ulifunge. Na kwa kuwa simu huibwa, pawepo nakala mahali pa pili. Asiye na simu atumie daftari linalofungiwa sandukuni. Daftari la nyumbani lina hatari zake, lakini bado ni bora kuliko jibu ambalo kijiji kizima kinalijua.

Katika hili wazee wetu walikuwa na busara. Misitu ya kaya za Mijikenda, zikiwemo za Rabai, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya haikuwa kitu cha kufichwa: kila mtu alijua iliko, na njia zake zilikuwa na malango. Kilichofichwa ni fingo, ile kinga iliyozikwa ndani, ambayo mahali pake palijulikana na wazee wachache tu. Hawakujaribu kukifanya kila kitu kuwa siri. Walichagua kitu kimoja, wakakilinda sana, na wakahakikisha kwamba wapo wa kuwarithi. Nasi tuige hivyo. Jina la mama liendelee kuitwa kwa fahari, na jina la mwalimu litajwe kwa shukrani. Siri iwe ni ile nywila kuu moja. Iandike katika karatasi, itie katika bahasha iliyofungwa, na umkabidhi mtu mmoja unayemwamini kwa maisha yako, ili siku ya ugonjwa au msiba jamaa zako wasibaki nje ya mlango.

Shule nazo zina wajibu. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 haikutungwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kabla ya kubandika mtandaoni orodha ya majina, tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi, mwalimu mkuu na ajiulize ni milango mingapi anaifungua. Vyama vya wanafunzi vya tarakilishi vitenge kipindi kimoja tu cha muhula kuwasaidia wa kidato cha nne kuandaa hifadhi zao wenyewe kabla ya kwenda saiba. Na wenye mifumo, wa serikali na wa binafsi, wayaondoe maswali haya au wamwachie mwananchi atunge swali lake mwenyewe.

Hadi hayo yatakapofanyika, kazi ni yetu. Anza na akaunti moja, ile ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo mama wa nyingine zote. Tazama kama iliwahi kukuuliza maswali ya namna hii, yafute majibu ya kweli uliyoyaweka, uweke ya kubahatisha, kisha uyahifadhi. Ni kazi ya nusu saa, na mwalimu atakayeifanya leo ataweza kuwaonyesha wanafunzi wake kesho.